Togwa Isiyotiwa Sukari

"Na huyo wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi?" muuguzi aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya kadi.

Devotha alifungua mdomo, lakini mama yake alimwahi. "Kilo tano kasoro robo," alisema Mama Anastasia, akajiweka sawa kwenye benchi. "Mkunga mwenyewe aliita wenzake waje waone. Mgeta nzima hii, sister, hajazaliwa mtoto wa namna ile."

Akasubiri. Kwa miaka minne alikuwa akizitaja kilo hizo kwa huzuni, maana mtoto mwenyewe hakuiona siku ya pili, lakini pia kwa fahari ambayo hakuweza kuificha, na kila aliyesikia alishika mdomo kwa mshangao. Muuguzi huyu hakushika mdomo. Alikuwa binti mwembamba mwenye hijabu nyeupe, jina lake Shakila, aliyehamishiwa kituo hiki cha afya cha mlimani miezi miwili tu iliyopita kutoka Turiani. Aliposikia kilo tano kasoro robo, aliweka kalamu chini.

"Alifariki kwa tatizo gani?"

"Mambo ya watu hayo," alisema Mama Anastasia, akageukia dirishani.

Shakila hakuendelea kuchimba. Alimtazama Devotha, ambaye mimba yake ya pili ilikuwa na wiki ishirini na sita, na tumbo tayari limejaa kama la mwezi wa nane. "Kesho urudi asubuhi, usile chochote. Nataka nikupime sukari."

"Sukari si ugonjwa wa wazee?" Mama Anastasia aliuliza. "Huyu ana miaka ishirini na saba."

"Tutajua kesho, mama."

Njiani kupandisha kwenda nyumbani, katikati ya matuta ya kabichi na njegere, Devotha alikuwa na hofu ya sukari. Mama yake hakuwa na hofu hiyo. Kilichomkera ni ile kalamu. Mtu akiambiwa mtoto alizaliwa na kilo tano, anawekaje kalamu chini kama aliyepewa habari ya msiba? Alilitafuna swali hilo hadi mlangoni, na usingizi ulipomchukua alikuwa bado hajalimeza.

* * *

Kesho yake Devotha alinyweshwa maji matamu kupita kiasi, akakaa saa mbili kwenye benchi, akachomwa kidole. Mashine ndogo ikaandika kumi na moja nukta mbili.

"Ni nyingi," alisema Shakila. "Ilitakiwa isifike hata nane na nusu. Hii ni sukari inayokuja na mimba. Mara nyingi mtoto akishazaliwa, inaondoka. Sasa niambieni, anakula nini?"

Swali hilo Mama Anastasia alilipenda, maana chakula cha binti yake kilikuwa mikononi mwake. "Asubuhi uji. Saa nne chai na viazi. Mchana ugali au magimbi. Jioni ugali tena. Hapungukiwi, sister."

"Mboga?"

"Mboga zinapanda lori, zinakwenda Dar."

"Maharage?"

"Na yenyewe."

"Mayai?"

Mama Anastasia alicheka kwa adabu, kama mtu anayemsamehe mgeni. "Mjamzito ale mayai? Mtoto si atazaliwa kipara!"

Devotha aliinamisha uso. Nyumbani kuku walikuwa kumi na saba, na kila siku ya gulio trei mbili za mayai zilikwenda sokoni mbele ya macho yake.

"Na vitu vitamu?" Shakila aliuliza. "Soda, biskuti, juisi?"

"Hapana. Chai tu. Na togwa yangu."

"Togwa unaweka sukari?"

Hapo Mama Anastasia aliudhika. Soko zima la Nyandira lilimjua kwa jina la Bibi Togwa. Wapo waliokoroga vijiko vya sukari kwenye ndoo zao ili kuficha uvivu, na kuna wapakiaji wa malori waliopita kando ya ndoo hizo kuja kwake. "Mimi? Sukari kwenye togwa? Miaka thelathini napika togwa, haijawahi kuingia hata chembe moja!"

"Samahani, mama," alisema Shakila, na kwa kuwa nje wanawake kumi na wanne walikuwa wanasubiri, aliandika kwenye kadi: haina sukari. "Sasa nisikilizeni. Mama akiwa na sukari nyingi kwenye damu, inapita na kwenda kwa mtoto. Mtoto analishwa asichokiomba. Ananenepa, mwili unakuwa mkubwa, lakini unene huo si afya."

"Unene si afya?" Mama Anastasia aliuliza. Hakuwa anabisha. Alitaka kweli kujua.

"Unaweza kumletea matatizo wakati wa kuzaliwa, na hata akiwa mkubwa. Kwa hiyo mpunguze vyakula vya wanga, aongeze mboga, maharage na mayai, atembee kidogo baada ya kula. Sukari aache. Na apimwe kila siku, asubuhi kabla hajala, na saa mbili baada ya chakula. Baada ya chakula isizidi sita nukta saba. Mashine ya kituo haitoki hapa. Kijijini kwenu hakuna mwenye mashine?"

"Hakuna," alisema Mama Anastasia.

"Wifi anayo," alisema Devotha, polepole sana, akitazama vidole vyake.

* * *

Wifi huyo aliitwa Grace, dada mkubwa wa Fidelis, mume wa Devotha. Aliishi ng'ambo ya korongo, mahali ambapo mtu akikohoa alfajiri unamsikia, na kwa miaka minne hakuwa amekanyaga uwanja wa Mama Anastasia.

Yule mtoto wa kilo tano kasoro robo alizaliwa mwezi wa saba, wakati ukungu unalala hadi mchana na watu wa Mgeta wanavaa makoti mawili mawili. Wageni walimiminika kumwona. Grace alifika, shangazi mtu, akampakata mtoto, akasema kwa sauti, "Jamani, likubwa hili! Kama la miezi miwili!" Hakutanguliza neno la Mungu wala hakutema mate pembeni kufukuza jicho baya, kama wafanyavyo wengine wakisifia kitu kizuri. Jioni mtoto akaanza kutetemeka mikono. Wakasema ni baridi, wakamfunika. Alikuwa hajanyonya, maana maziwa yale ya kwanza ya njano Mama Anastasia aliyakamua na kuyamwaga, aliyaona ni machafu. Wakaongeza blanketi la pili, kisha la tatu. Kabla jua halijatoka mtoto alikuwa amekwisha.

Siku ya kuzika Mama Anastasia alisimama mbele ya watu akasema mjukuu wake ameliwa na jicho, na jicho lenyewe analijua. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Tangu siku ile hakuna mwanamke wa mlima ule aliyempa Grace kichanga chake ampakate. Akifika palipo na mzazi, mtoto huingizwa ndani mara moja, anabadilishwa nepi, na nepi hiyo huchukua muda hadi Grace aage.

"Nimwite?" aliuliza Fidelis jioni ile, akipukuta udongo wa karoti kwenye buti zake.

"Asikanyage hapa."

"Sawa, mama. Tutaiambia mashine ivuke korongo yenyewe."

Fidelis alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema akiwa ameshaanza kuondoka. Alikuwa amehamia kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, kama wafanyavyo Waluguru wengi, na alijua tangu mwanzo kwamba sauti ya mwisho katika nyumba ile si yake. Hata siku ile ya mazishi, dada yake alipomtazama, yeye alitazama jembe. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mama Anastasia alimtazama binti yake aliyeketi kwenye kigoda, mikono imezunguka tumbo. "Aje," alisema mwishowe. "Lakini asimguse."

* * *

Grace alikuja asubuhi iliyofuata, akasimama mwisho wa uwanja, pale penye miti ya kupandishia njegere.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," wakajibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Mama Anastasia, akitazama kikapu.

Mashine ilikuwa ya marehemu baba mkwe wa Grace, ambaye sukari ilimkata mguu kabla ya kumchukua. Grace aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akarudi nyuma hatua tatu, akaanza kufundisha kutokea huko. Osha kidole kwa maji ya uvuguvugu. Chomeka kijiti hapa. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, katikati kunauma. Mama Anastasia, ambaye vidole vyake vilizoea kuhisi joto la uji bila kukosea, alijifunza kwa dakika tano. Ilikuwa ni kama kuamrishwa na mshitakiwa wako, na alijikaza hadi mishipa ya shingo ikatoka.

"Tano nukta nane," alisoma, kidole cha Devotha bado kikiwa mkononi mwake.

"Ipo juu kidogo kwa mtu asiyekula," alisema Grace, akaiandika kwenye daftari la shule alilokuja nalo.

Wakawa hivyo. Grace alifika kila asubuhi na kila alasiri, alisimama palepale kwenye njegere, akaandika, akaondoka. Vijiti vilipokwisha, Fidelis aliagiza vingine mjini kwa dereva wa lori la karoti. Mama Anastasia alifuta sukari nyumbani kwake kabisa. Alificha kopo la sukari, chai ikawa chungu, hata yeye mwenyewe akainywa hivyo kwa ushujaa, na ili binti yake asijisikie mnyonge, alimwongezea togwa. Kikombe kikubwa asubuhi, kikubwa saa nne, na cha jioni.

Namba zikapanda. Kumi. Kumi nukta tisa. Siku moja kumi na mbili.

"Unakula nini kwa siri?" Mama Anastasia alimuuliza binti yake.

"Sili kitu, mama."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia."

Alipekua kapu la nguo za Devotha akitafuta maganda ya biskuti. Alipanda hadi kwa Maneno muuza duka, akamuuliza mbele ya wateja kama binti yake hanunui soda, na Maneno akaapa kwa marehemu mama yake kwamba hanunui. Habari ikarudi kumfikia Devotha kabla ya mama yake. Alilia mchana kutwa. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, mke wa mtu, anatafutiwa biskuti kama mtoto wa chekechea.

Grace alisikia kilio hicho kutoka kwenye njegere.

"Mama, labda ni togwa."

Mama Anastasia aligeuka. "Umesemaje?"

"Nasema labda tu."

"Haina sukari! Njoo uonje, njoo uulize soko zima! Mjukuu wangu ulishamsifia, sasa imebaki togwa yangu?"

Grace alifunga daftari. Devotha alisema, "Mama, jamani," lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Grace aliiacha mashine na daftari juu ya ndoo akashuka korongoni, na alasiri ile hakuja.

* * *

Wiki hiyohiyo mjukuu wa dada yake Mama Anastasia alipata kipaimara kule Turiani, na haikuwezekana asiende. Alikaa siku nne kwenye joto la mashamba ya miwa, akila wali, akicheka na ndugu, lakini moyo ukiwa kwenye ile mashine. Aliporudi hakutua hata mzigo. Alifungua daftari.

Siku ya kwanza, nane nukta moja. Siku ya pili, sita nukta tano. Siku ya tatu, sita nukta mbili. Ya nne, sita nukta nne. Mwandiko ulikuwa wa Grace.

"Alikuja?"

"Fidelis alimfuata," alisema Devotha. "Alinipima mwenyewe. Alinigusa, mama, na bado sijafa."

Mama Anastasia aliuacha ukorofi huo upite. "Ulikula nini?"

"Nilichokuwa nakula. Ugali, maharage, majani ya maboga. Chai hiyohiyo chungu."

"Na togwa?"

"Nani angepika? Hukuwepo."

Mama Anastasia aliketi juu ya mzigo wake. Akazisoma tena namba nne zile, moja moja, kwa kidole.

Kesho yake alikoroga uji wa mahindi kwa ajili ya soko kama kawaida, mzito, mwiko unasimama. Akauonja. Haukuwa na ladha yoyote ya maana, ni unga na maji tu. Akaupoza hadi ukawa vuguvugu, akanyunyizia unga wa kimea, ule ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu nyingi, lakini safari hii hakufunika ndoo na kwenda zake. Alivuta kigoda akakaa mbele yake na kijiko.

Baada ya saa moja uji ulikuwa umelegea. Baada ya saa mbili ulikuwa unatiririka kutoka kwenye kijiko, na ulikuwa mtamu. Kufikia mchana ulikuwa mtamu wa kumfanya mtu afumbe macho.

"Devo," aliita. "Njoo. Hebu onja. Mimi sikuweka sukari. Umekuwa nami hapa, umeniona. Huu utamu umetoka wapi?"

Devotha alionja. "Kwenye kimea?"

Mama Anastasia alilamba unga wa kimea kiganjani. Ulikuwa na utamu wa mbali sana, hautoshi kumtamanisha hata nzi. Akalamba unga wa mahindi. Hakuna. Kitu kisicho na utamu kimekutana na kingine karibu kisicho na utamu, na kati yao ukazaliwa utamu wa ndoo nzima. Miaka thelathini alikuwa akiuuza utamu huo bila kuuliza ulikotoka. Alijisikia mjinga, na wakati huohuo alijisikia hamu kali ya kujua, hamu ambayo hakuwa nayo tangu akiwa darasa la nne kwa masista, kabla hajatolewa shule kwenda kupalilia.

Alijaza chupa moja, akashuka nayo kituoni kwa mguu.

* * *

Shakila alionja togwa, akafumba macho, halafu akajipiga paji la uso. "Mama yangu, nisamehe. Nilikuuliza kama unaweka sukari. Ilitakiwa nikuulize kama ni tamu."

"Sasa utamu unatoka wapi?"

"Kimea kinauvunja unga. Unga wenyewe ni sukari iliyofungwa pamoja, ulimi hauisikii. Kimea kinaifungua. Wewe hujaweka sukari, umeitengeneza."

Mama Anastasia aliketi. "Kwa hiyo nilikuwa namnywesha sukari. Lita nzima kwa siku." Kisha, kwa kuwa akili yake ilikuwa imeshaamka na haikutaka kulala tena, akauliza, "Na mtoto huko ndani, sukari yote hiyo anaifanyia nini?"

"Anapambana nayo. Mwili wake unatengeneza dawa ya kushusha sukari, insulini, anaitengeneza kwa wingi kwa sababu inayokuja ni nyingi. Ndiyo inayomnenepesha. Shida kubwa inakuja akizaliwa. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama imekatika hapohapo. Lakini ile dawa yake bado imejaa mwilini, inaendelea kushusha. Sukari yake inaanguka. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo anatakiwa anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, ale yale maziwa ya njano, na apimwe kisiginoni."

"Ikianguka anafanyaje? Analia?"

"Anaweza asilie. Analegea, hanyonyi. Mara nyingi anaanza kutetemeka mikono."

Nje mama mmoja alikuwa anabembeleza mtoto wake aliyechomwa sindano. Mama Anastasia alimsikia vizuri sana, kila neno.

"Kutetemeka," alisema.

"Ndiyo, mama. Watu wanadhani ni baridi."

Mama Anastasia aliinuka. Alichukua chupa yake, akasahau kifuniko chake, akapanda mlima. Alipofika penye njia panda ya kwenda kwa Grace alisimama. Alisimama hadi kijana mmoja aliyebeba kabichi akamuuliza kama anaumwa. Kisha akapita njia ya kwake. Kuna maneno ambayo mtu anaweza kuyatamka mbele ya kaburi, watu wote wakisikia, lakini kuyafuta mbele ya mtu mmoja mlangoni kwake yanamshinda.

Alichoweza alikifanya. Togwa ilikwenda sokoni yote. Trei za mayai zilibaki nyumbani, na Devotha alikula yai la kwanza la mimba yake mama yake akimtazama kwa mashaka, kama anayetegemea nywele za mjukuu zidondoke palepale. Kabichi zilizopasuka, ambazo zamani alizitupia mbuzi, zikaingia sufuriani. Jioni walizunguka shamba polepole, mama mbele, binti nyuma. Namba zilikaa kwenye sita, na Grace alizidi kuja, akisimama kwenye njegere, akiandika. Mara mbili Mama Anastasia alimwambia, "Grace." Mara zote mbili Grace aliinua uso, na Mama Anastasia akamwuliza kitu kuhusu vijiti.

* * *

Shakila alisema asijifungulie mlimani. Wiki ya thelathini na nane waliteremka na lori la karoti hadi Morogoro mjini, Devotha amekaa mbele kando ya dereva, mama yake pembeni akishikilia dirisha. Walifikia kwa binamu wa Fidelis, na siku ya tisa Devotha akashikwa na uchungu.

Mtoto alizaliwa saa saba mchana, mwanamume, kilo tatu na gramu mia sita. Alikuwa na nywele nyeusi, nyingi, zimemshuka hadi kwenye paji la uso. Mama Anastasia alizitazama nywele hizo kwanza.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua imekataa kunyesha, na wodini joto lilikuwa la kuvua ngozi. Wazazi walikuwa wanajipepea kwa kadi za kliniki. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, Devotha akihangaika kumpachika ziwa na yeye akiliachia, ndipo vidole vyake vidogo vikaanza kucheza. Kisha mkono mzima.

"Anasikia baridi huyo," alisema mwanamke wa kitanda cha pili, mtu mwema kabisa, akanyoosha khanga yake. "Mfunikeni."

Mama Anastasia aliipokea khanga. Ilikuwa mkononi mwake, na mikono yake yenyewe ilikuwa imeshaanza kuikunjua, maana mikono hukumbuka. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kilemba likaingia jichoni.

"Baridi ipo wapi?" alisema.

Akaitupa khanga. "Sister! Sister, njoo umpime huyu! Mama yake alikuwa na sukari! Mpime kisiginoni, si kidoleni!"

Muuguzi wa zamu alikuja akikimbia, akapima. Moja nukta nane. Baada ya hapo mikono mingi ilifanya mambo mengi kwa haraka, maziwa ya njano yakakamuliwa kwenye kijiko, si ya kumwagwa safari hii, mtoto akadondoshewa tone kwa tone, akawekewa dripu ndogo, akapimwa, akapimwa tena. Mbili nukta nne. Tatu nukta moja. Mikono ikatulia. Kabla ya jua kuzama alikuwa ananyonya kwa kelele.

"Mama, ulijuaje?" muuguzi aliuliza.

Mama Anastasia alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta. "Nilishamfunika mwenzake," alisema, na akalia kwa sauti, mbele ya wodi nzima, kilio ambacho kilikuwa kimekaa miaka minne kikisubiri mahali pake.

* * *

Waliporudi Mgeta uwanja ulijaa. Watu walikunywa togwa, wakamfunua mtoto, wakasema hili na lile.

"Mbona mdogo kuliko yule?" aliuliza jirani mmoja.

"Huyu yuko sawa," alijibu Mama Anastasia. "Yule ndiye alikuwa amezidi."

Grace alikuwa amekuja. Alisimama kwenye njegere zake, amevaa kitenge kipya, mikono ameikunja kwapani kama mtu anayeonyesha kwamba hana haja nayo. Wanawake wawili walijisogeza katikati yake na mtoto, bila kuonekana wamejisogeza.

Mama Anastasia alimchukua mtoto kutoka kwa Devotha. Aliwapita wale wanawake wawili, akavuka uwanja wote hadi kwenye njegere. Mazungumzo yalikatika moja moja. Fidelis, aliyekuwa anapasua kuni, safari hii hakutazama shoka.

"Grace. Pokea mtoto wako."

Grace alirudisha mikono nyuma. "Hapana, mama. Niache tu. Akiugua kesho..."

"Akiugua tutampima."

Aligeuka ili wote wamsikie. "Yule wa kwanza hakuliwa na mtu. Aliishiwa sukari mwilini, nami niliyamwaga maziwa ambayo yangemponya. Alikuwa ananiambia kwa mikono yake, nikamfunika mablanketi. Nilikosa, na kosa langu nikambebesha huyu mwanamke. Nilisema mbele yenu, na leo nafuta mbele yenu. Grace, nisamehe, mwanangu."

Machozi yalimtoka Grace, hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshajaa mtoto, bila mwenyewe kujua imejaaje.

"Msifie," alisema Mama Anastasia.

"Mama..."

"Msifie. Kwa sauti. Kama siku ile."

Grace alimtazama mtoto. "Jamani," alisema, "nywele hizi! Mzuri. Mtoto mzuri huyu."

Devotha alicheka na kulia kwa pamoja kutoka kwenye kigoda chake. Mama Anastasia aliinama akaitazama mikono ya mjukuu wake, kama alivyoitazama kila saa kwa siku kumi. Ilikuwa imetulia. Iliyokuwa inatetemeka ni ya Grace. Akapitisha ya kwake chini ya ile, wakamshikilia mtoto wote wawili.